Kwa nini mashine ya zamani ya boti huwaka vizuri Mbeya na kufia Matema

Kwa wenye boti wa Matema na Lupingu kwenye Ziwa Nyasa, na hata bwawa la Mtera, lalamiko hili si geni: mashine ya zamani imepelekwa mjini kwa fundi, imewashwa ndani ya pipa la maji, imenguruma vizuri bila moshi, imerudishwa ziwani, na baada ya siku chache pistoni imekamata, yaani imeshikana na silinda. Hukumu hutolewa papo hapo. Mmoja atasema mashine imezeeka, mwingine atasema oili ilikuwa kidogo, wa tatu atamtupia lawama fundi. Mara nyingi wote watatu wamekosea. Mashine ile ilirekebishwa ipasavyo kwa hewa ya Mbeya, kisha ikafanyishwa kazi kwenye hewa ya Ziwa Nyasa.

Ili jambo hili lieleweke, tuanze na mashine yenyewe. Tunazungumzia injini ya kupachika, ile inayofungwa nyuma ya boti kwa vibano viwili, kichwa kikiwa juu na mguu wenye propela ukiwa majini. Ole Evinrude, mzaliwa wa Norway aliyekulia Marekani, ndiye aliyeifanya kuwa biashara kubwa kuanzia 1909. "Ya zamani" hapa ni mashine ya tusetiroki yenye kabureta na, mara nyingi, platini (vikutanishi vya umeme wa cheche) chini ya flaiwili, gurudumu zito la juu ya injini: Johnson na Evinrude za miaka ya 1950 hadi 1970, British Seagull za Uingereza, na Yamaha za mwanzo, kampuni iliyotoa injini yake ya kwanza ya kupachika mwaka 1960.

Tusetiroki ni injini ambayo pistoni hukamilisha kazi yake kwa kupanda na kushuka mara moja tu. Haina sampu ya oili kama gari. Mchanganyiko wa hewa na petroli hupita kwanza chini, kwenye chumba cha krenki, ndipo husukumwa juu ya pistoni ukachomwe. Kwa hiyo oili pekee inayofika kwenye beringi, kwenye konrodi na kwenye ukuta wa silinda ni ile uliyoichanganya na petroli kabla ya kujaza tenki. Petroli nayo, ikipita mle chini, hupunguza joto la vyuma. Petroli ikipungua, unapoteza mafuta, ulainishaji na upoozaji kwa pamoja.

Sasa oili. Hapa ndipo mabishano yalipo makali kuliko popote, na pande zote mbili zina kosa.

Upande mmoja husema oili nyingi haijawahi kuua mashine. Upande wa pili husema oili za siku hizi ni bora, kwa hiyo kipimo cha 50 kwa 1 (sehemu 50 za petroli kwa moja ya oili) kinatosha mashine yoyote. Kipimo sahihi hakitokani na ubora wa oili peke yake, kinatokana na kilichomo ndani ya injini. Mashine nyingi za kabla ya 1964 zina bushi za shaba pale ambapo za baadaye zina beringi za vipini. Bushi huteleza juu ya utando mnene wa oili, nayo beringi hubiringika na kuridhika na utando mwembamba. Johnson na Evinrude nyingi kuanzia 1964 ziliandikiwa 50 kwa 1. Zilizotangulia ni 24 kwa 1 kwa oili za sasa, ingawa vitabu vyake vya awali viliagiza 16 kwa 1 kwa sababu oili ya wakati ule ilikuwa ya kawaida ya injini. Seagull za zamani zilikuwa na kiu kuliko zote: 10 kwa 1.

Kwa kidumu cha lita 20, hesabu ni hizi. Kwa 50 kwa 1 unaweka mililita 400. Kwa 24 kwa 1 unaweka takriban mililita 830. Kwa 16 kwa 1 ni lita 1 na robo, na kwa 10 kwa 1 ni lita 2 kamili. Pima kwa chombo chenye alama. Kifuniko cha chupa na kukadiria kwa macho havifai. Mimina oili kwanza na lita chache za petroli, tikisa, kisha jaza petroli iliyobaki na utikise tena. Oili ikimiminwa mwishoni hutulia chini ya kidumu, na mashine hunywa oili tupu mwanzo wa safari na petroli tupu mwishoni.

Ukizidisha oili kwenye mashine ya 50 kwa 1, haitakamata siku hiyo. Itaziba taratibu: plagi zitalowa, masizi yataganda kwenye matundu ya moshi, na ringi zitanata kwenye mifereji ya pistoni. Ringi ikinata, kompresheni huanguka, na mwenye mashine huanza kuambiwa kwamba silinda imekwisha. Ukipunguza oili kwenye mashine yenye bushi, madhara ni ya haraka na hayarudi nyuma. Kama hujui mwaka wa mashine yako na huwezi kuona ndani, tumia 24 kwa 1. Kusafisha masizi ni kazi ya jioni moja, na krenki iliyolika hairudi.

Aina ya oili nayo ina neno, hasa katika nyanda zetu hizi. Mufindi, Njombe na Makete ni nchi ya mbao, na duka lolote la vipuri lina 2T, yaani oili ya tusetiroki, ya misumeno. Misumeno hupozwa kwa hewa na huchemka sana, kwa hiyo oili yake nyingi zina viungo vya kusafisha vinavyoacha majivu vikiungua. Injini ya boti hupozwa kwa maji na joto lake ni la chini zaidi, majivu yale hayaungui yakaisha. Hujikusanya juu ya pistoni na kwenye ncha ya plagi, na yakishika moto yanawasha mchanganyiko kabla ya wakati wake. Tafuta kopo lililoandikwa TC-W3, ndiyo alama ya oili ya tusetiroki inayopozwa kwa maji. Ukikwama kijijini, 2T ya msumeno itakufikisha nyumbani. Usiifanye ya kila siku.

Turudi kwenye hewa, maana ndiyo inayoua mashine kimyakimya.

Mbeya mjini iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Ziwa Nyasa liko chini ya mita 500. Iringa mjini ni zaidi ya mita 1,500, na bwawa la Mtera likijaa maji yake hufikia mita 698.5. Kadiri unavyopanda ndivyo hewa inavyokuwa nyepesi, na kati ya Mbeya na ufukwe wa Matema tofauti ni karibu sehemu moja ya kumi. Kabureta ya zamani haina kihisi chochote cha kuligundua hilo. Inavuta petroli kwa kipimo cha jeti (tundu dogo la kupitishia petroli) na sindano zake, iwe juu Uyole au chini Kyela.

Mashine iliyowekwa vizuri kwa ziwa, ikiwashwa Mbeya, itakuwa na petroli ya kupita kiasi kwa hewa ile. Itatoa moshi, itakohoa, plagi zitakuwa nyeusi. Fundi mwangalifu ataona kasoro na kuirekebisha: atakaza sindano kidogo au ataweka jeti ndogo zaidi, mpaka mngurumo utulie. Amefanya kazi yake kwa haki. Mashine ikiteremshwa hadi Matema inakutana na hewa nzito, petroli ikiwa ile ile aliyoipunguza. Mchanganyiko sasa ni mwembamba, yaani hewa nyingi na petroli chache, na mchanganyiko mwembamba huwaka kwa joto kali. Ni kama jiko la mkaa linalopulizwa: moshi hauonekani, lakini sufuria inaungua. Pistoni hutanuka kuliko silinda, utando wa oili unakatika, na aluminiamu inakwangua ukuta mpaka vinashikana. Mwenye boti anakumbuka tu kwamba asubuhi ile mashine ilikimbia kuliko siku zote. Mwendo ule mtamu usio na moshi mara nyingi ndiyo dalili yenyewe.

Pipa linaongeza tatizo. Ndani yake propela haisukumi mzigo wowote wa maana, na mashine haiwezi kupimwa katika mwendo wa juu. Unachokipima pipani ni kuwaka, kuzunguka kwa maji na mwendo wa chini. Mwendo wa juu hupimwa ziwani, boti ikiwa na mzigo wake wa kawaida.

Kabureta nyingi za miaka ya 1950 zina sindano mbili za kurekebisha kwa mkono, moja ya mwendo wa chini na nyingine ya mwendo wa juu. Funga zote mbili kwa vidole mpaka zikome, bila kukaza. Sindano ikikazwa huchongeka mduara kwenye ncha yake, na baada ya hapo haitarekebishika. Kisha fungua ya chini mzunguko mmoja na nusu, ya juu mzunguko mmoja. Washa, acha ipate joto dakika chache, nenda ziwani, fungua moto wote, yaani mwendo wa juu kabisa. Zungusha sindano ya juu kuelekea kufunga, sehemu ya nane ya mzunguko kila mara, ukisubiri sekunde 10 hadi 15 kabla ya kugusa tena, kwa sababu mabadiliko huchelewa kufika ndani. Mashine ikianza kupiga chafya kupitia kabureta au mwendo kulegea, umefika pembamba. Rudisha robo ya mzunguko kuelekea kufungua na uache hapo. Ukibaki na shaka, moshi kidogo ni salama kuliko kukosa moshi. Kisha punguza moto na ufanye vivyo hivyo kwa sindano ya chini.

Mashine za baadaye zina jeti ya juu isiyobadilika na skrubu moja tu ya mwendo wa chini. Hizo ni salama zaidi, mradi jeti ya kiwandani haijaguswa. Ukipeleka mashine mjini, mwambie fundi itafanya kazi ziwa gani, na umwombe asibadilishe jeti kwa sababu ya moshi wa mjini. Ikirudi, toa plagi baada ya mwendo wa juu wa dakika chache. Kaure ya ncha ikiwa kahawia, mchanganyiko ni mzuri. Nyeusi na yenye unyevu maana yake petroli imezidi. Nyeupe kavu maana yake simama, usiondoke na boti mpaka urekebishe.

Kabureta chafu huleta maafa hayo hayo bila mtu kugusa sindano. Petroli iliyokaa miezi hugeuka ulimbo na kupunguza tundu la jeti. Usizibue kwa waya wa chuma wala kwa keketa, tundu likitanuka hata kidogo kipimo kimepotea. Mshipi wa nailoni wa kuvulia, ule mwembamba, hufanya kazi hiyo bila kukwaruza, na ziwani hakuna aliyeukosa. Katika mashine kongwe angalia pia boya la kabureta. Mengi yalikuwa ya gome jepesi lililopakwa vanishi. Vanishi ikipasuka gome hunywa petroli, boya huzama, na petroli hufurika kwenye kabureta. Boya la plastiki au la sponji ngumu lisilonyonya petroli ndilo mbadala bora.

Upande wa maji, kiini ni impela, kigurudumu cha mpira chenye mabawa kilicho ndani ya mguu, ambacho huvuta maji na kuyapandisha kichwani. Mpira ule hulainishwa na maji yenyewe. Kuwasha mashine nchi kavu "kidogo tu, kusikia kama inawaka" huichoma impela ndani ya muda mfupi sana. Mabawa yaliyopinda na kubaki yamepinda, au yenye nyufa mizizini, hayafai hata kama maji bado yanatoka. Ibadilishe kila mwaka kwa mashine ya kazi, na mapema zaidi kwenye maji ya matope kama ya Ziwa Rukwa, kwa sababu mchanga husaga mpira na nyumba yake. Wakati wa kubadilisha, tafuta vipande vya mabawa vilivyokatika. Vimepanda juu, navyo ndivyo vitakavyoziba njia.

Wapo wanaoamini kwamba mashine isiyokojoa, yaani isiyorusha maji pembeni, imekufa pampu. Kwa mashine mpya hiyo ni dalili ya hatari kweli. Ila nyingi za miaka ya 1950 hazikuwa na tundu la kukojoa. Maji yake hutoka pamoja na moshi nyuma ya mguu, kama mvuke na matone. Kabla ya kufumua, gusa kichwa cha silinda baada ya dakika 5 za kuwaka majini. Ukiweza kuacha mkono juu yake sekunde kadhaa, maji yanazunguka.

Moto wa plagi ni rahisi kuupima. Toa plagi, weka waya wake milimita 6 kutoka kwenye chuma cha injini kwa kishikio kisichopitisha umeme, vuta kamba. Cheche ya buluu ikiruka pengo hilo kwa mlio, koili na platini ni wazima. Cheche ya njano isiyoruka ina sababu tatu za kawaida, na zote zimo chini ya flaiwili. Platini zimeota kutu kwa kukaa: zipitishe msasa laini kabisa, kisha zifute kwa kipande cha karatasi chenye spiriti, maana chembe ya msasa au mafuta ya kidole inatosha kuzuia umeme. Pengo la platini limepotea: kwa Johnson, Evinrude na Seagull nyingi ni inchi 0.020, yaani nusu milimita, likipimwa platini zikiwa wazi kabisa. Au koili imepasuka ganda lake, ugonjwa wa kawaida wa Johnson na Evinrude za miaka ya 1950. Nyufa huingiza unyevu na cheche hukimbilia kwenye chuma. Habari njema ni kwamba koili ya aina moja iliingia kwenye mashine nyingi za kampuni hizo kwa miaka mingi, na mpya bado zinatengenezwa, ingawa Evinrude wenyewe walisimamisha uzalishaji mwaka 2020.

Flaiwili hutolewa kwa pula yenye boliti tatu zinazoingia kwenye matundu yake ya katikati. Kuigonga kwa nyundo kwenye ncha ya krenki hupinda krenki au huharibu nyuzi, na pula ya kuvuta ukingoni hupasua flaiwili. Ukiirudisha, futa mafuta yote kwenye koni, hakikisha kabari ndogo ya chuma imekaa kwenye mfereji wake, kaza nati barabara. Flaiwili iliyolegea hukata kabari ile, na cheche huja wakati usio wake.

Gia boksi ina skrubu mbili, ya chini na ya juu. Acha mashine isimame wima usiku kucha, halafu legeza ya chini polepole. Maji ni mazito kuliko oili, kwa hiyo kama yameingia yatatangulia kutoka. Oili yenye rangi ya maziwa inasema jambo lile lile: sili ya shafti ya propela imekwisha, na mara nyingi mkosaji ni uzi wa wavu uliojisokota nyuma ya propela ukaikata. Jaza oili ya gia namba 90 kwa kusukuma kutoka tundu la chini mpaka itokee juu, ziba la juu kwanza, kisha la chini. Ukimimina kutoka juu utafungia hewa ndani na utadhani imejaa.

Propela nyingi za zamani zimeshikwa na pini laini inayokatika ikigonga jiwe, ili gia zipone. Kuweka msumari au kipande cha nondo badala yake ni kuhamisha ajali kutoka kwenye pini ya bei ndogo hadi kwenye gia ambazo huenda hazipatikani tena. Beba pini tatu na koleo ndani ya boti. Chini ya Milima ya Livingstone ufukwe una mawe na upepo hubadilika haraka. Kukaa bila propela pale ni hatari kwa watu.

Mashine iliyokamata kwa kukaa ni tofauti na iliyokamata kwa joto, na hii ya kwanza mara nyingi hufufuka. Toa plagi, mimina ndani ya kila silinda vijiko vichache vya mchanganyiko wa dizeli na oili ya gia boksi ya otomatiki, nusu kwa nusu, uache siku tatu au nne ukiongeza kila siku. Kisha jaribu kuzungusha flaiwili kwa mikono miwili, mbele na nyuma, taratibu. Usitumie kamba ya kuwashia, itakatika au itavunja meno ya stata. Ikizunguka, pima kompresheni, plagi zote zikiwa nje na kabureta ikiwa wazi kabisa. Silinda mbili zikipishana kwa zaidi ya asilimia 10, fungua kichwa uangalie ukuta kabla ya kununua chochote.

Kwa anayetaka kununua mashine kongwe, swali la kwanza ni imetoka maji gani. Nyasa ni maji baridi, na mashine iliyozeekea hapo huwa na njia safi za maji. Iliyoletwa kutoka pwani inaweza kung'aa kwa rangi mpya nje huku ndani chumvi imeganda kuzunguka silinda. Jaribu kulegeza boliti moja ya kichwa. Ikikatika mkononi mwako, na zilizobaki zitafuata. Kwa mashine itakayobaki Nyasa, chuma cha kujitoa kafara kilichofungwa mguuni kiwe cha magneziamu. Kile cha zinki kilichokuja nacho kutoka baharini hujifunika ukoko kwenye maji baridi na kuacha kufanya kazi.